SOMO: KOMPYUTA ZA KABATI, KUZIFUFUA NA KUZIKUMBUKA



Katika somo hili tutazungumza juu ya mashini ambayo wengi wetu hatujaigusa, ingawa yenyewe imekuwa ikitugusa kila mwisho wa mwezi. Ni ile kompyuta ya kabati ambayo mafundi huiita seva. Haina kioo cha kutazamia wala vibonye vya kuandikia. Ni sanduku la chuma, jembamba, refu kwenda nyuma, linalofungwa kwa skurubu ndani ya kabati, na kazi yake ni kuhifadhi hesabu na kuzitoa kwa kompyuta nyingine za ofisini zinapoulizwa. Mizani ya chikichi, mishahara, saa za ziada, siku za ugonjwa, makato ya INSS: mahali palipokuwa na mashini hiyo, vyote viliingia humo.

Wako watakaouliza, mvunaji wa michikichi wa Rumonge au mchemsha sabuni ana shauri gani na chuma chakavu cha ofisini? Ana shauri kubwa. Kuna mahali kwenye mwambao huu wetu, hatutapataja, ambapo ofisi ilipata kompyuta mpya, na ile ya zamani ikakaa stoo miaka kadhaa chini ya magunia, kisha ikauzwa kwa kilo pamoja na mabati. Wanunuzi wa vyuma wakaivunja, alumini ikaenda kuyeyushwa kuwa masufuria. Baadaye mzee mmoja alipotaka kustaafu aliulizwa juu ya miaka yake ya mwanzo kazini, na ofisi ikasema haina karatasi. Karatasi zilikwisha kuliwa na mchwa. Hesabu zilikuwa ndani ya zile sufuria. Mzee huyo alifanya kazi miaka ile, na wenzake wanajua, lakini kujua kwa wenzake hakukuhesabiwa dirishani.

Basi tuanze na mashini tunayoifahamu sote. Meli Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Vita vilipowaelemea Wajerumani, Julai 1916 waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walioizamisha walikuwa watu wa kuifikiria kesho: kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya maji, wakakuta injini na mitungi ya mvuke bado vyafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baadaye ilitiwa injini za dizeli. Mwaka 2015 ndiyo iliyokuwa ikiwatoa ndugu zetu Kagunga na kuwafikisha Kigoma. Mashini iliyokaa chini ya ziwa karibu miaka minane ilifufuka kwa sababu kuna mtu aliyeilaza vizuri. Kompyuta zetu za kale hazikulazwa hivyo. Zilizimwa tu siku moja na kusukumwa pembeni, na hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Kabati lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Upana wake wa inchi 19, yaani milimita 482.6, ulitoka katika mitambo ya simu ya Marekani ya miaka ya 1920, na kimo cha kila chumba ni milimita 44.45. Faida ya kipimo kimoja ni kwamba sanduku la kiwanda hiki huingia katika kabati la kiwanda kile. Baadhi ya kompyuta za kwanza zilijengwa katika makabati ya namna hiyo. Ile ya Harwell, Uingereza, yenye uzito wa tani 2.5, ilianza kazi mwaka 1951, ikastaafishwa mwaka 1973, ikasahauliwa katika ghala, kisha ikafufuliwa na kuwashwa tena mbele ya watu Novemba 2012. Colossus, iliyofumbua siri za Wajerumani katika Vita vya Pili, ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Karibu zote zilivunjwa kwa amri, na michoro ikachomwa. Fundi Tony Sale alipoanza kuijenga upya mwaka 1993 alikuwa na picha chache na kumbukumbu za wahandisi wazee waliokuwa bado hai. Kazi ilikamilika mwaka 2007. Wangengoja miaka ishirini zaidi, wazee wale wasingekuwapo wa kuulizwa.

Hapa Afrika ya Mashariki, kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Hazina, Dar es Salaam, mwaka 1965. Hesabu zake zilileta matatizo makubwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Twalitaja hili ili tusije tukadhani kwamba kila kilichotoka katika mashini ni kweli. Mashini hukosea kama alivyokosea aliyeijaza.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza na kubwa ni kuchukua mashini ya kale na kuichomeka umeme palepale ili kuona kama itawaka. Msifanye hivyo. Inueni watu wawili, maana ni nzito na kingo zake zinakata, iwekeni mezani mahali pakavu, mkafungue kifuniko. Kwenye mwambao wetu mtakuta vumbi lililoshikana na unyevu wa ziwa, na karibu na kiwanda cha mawese mtakuta utando wa masizi na mafuta unaoshika kama gundi. Viota vya panya si ajabu. Ondoeni kwa brashi laini, polepole, bila maji.

Tafuteni betri. Katika mashini za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi ni kipipa kidogo kilichochomelewa ubaoni, nacho kikizeeka huvuja dawa inayokula nyuzi za shaba. Mkiona ukungu wa kijani au wa buluu, betri ikatwe, mahali hapo pasafishwe kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, pakaukie. Mashini za baadaye zina betri bapa kama sarafu, ya volti 3, ambayo kwa kawaida haiharibu kitu, ila ikiisha saa ya kompyuta hupotea. Nyingi huamka zikidhani leo ni tarehe 1 Januari 1980. Hilo linachekesha, lakini yafaa kulikumbuka kabla ya kuandika hesabu yoyote mpya humo.

Kisha tazameni kapasita, vile vijipipa vilivyosimama ubaoni. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, kimekufa. Mashini nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitiwa kapasita zenye dawa mbovu ndani, na hizo hufa hata kama hazikufanyishwa kazi sana. Mpya iwe na kipimo kilekile cha mikrofaradi, na volti zilezile au zaidi.

Hapa tusimame kidogo. Sanduku la umeme lililo ndani ya seva hubadili umeme wetu wa volti 230 kuwa zaidi ya volti 300 kabla ya kuushusha tena, na umeme huo huweza kubaki ndani hata waya ukiwa umechomolewa. Asilifungue mtu asiye fundi wa umeme. Tumezika wenzetu wa kutosha kwa ajali za kazini. Chuma cha tajiri kisituongezee mwingine.

Diski ndizo zenye thamani yote. Kabla ya kuzichomoa, andikeni namba juu ya kila moja kulingana na nafasi yake, kwa sababu katika seva nyingi diski kadhaa hugawana kitabu kimoja, kila moja ikishika kurasa zake. Mkizichanganya, mnaweza kupoteza kitabu kizima. Diski iliyolala miaka huenda ikazunguka mara moja tu, isirudie. Kwa hiyo fundi aitengeneze mashini nyingine kwanza, aiweke tayari, halafu anakili diski nzima kwa kusoma tu, pasipo kuandika chochote ndani yake. Mkiwa na nakala, hapo ndipo muanze kutafuta majina.

Na majina hayatatosha. Mtafungua hesabu mkute safu zenye herufi mbilimbili, zisizo na maelezo. Nani ajuaye kwamba hii ni saa za usiku na ile ni kibarua wa msimu? Ni karani wa zamani, yule dada aliyekaa na mashini ile miaka kumi katika chumba chenye kelele za mapangaboi madogo. Mwendeeni nyumbani, kaeni naye, andikeni anayoyasema, na mumuulize neno la siri kama bado analikumbuka. Sisi kwa upande wetu twamhesabu karani huyo kuwa sehemu ya mashini iliyo ngumu kupatikana kuliko kapasita yoyote.

Wajumbe wa wafanyakazi waombe jambo moja kwa maandishi: seva ya zamani isiuzwe wala isitupwe kabla orodha za mishahara na michango hazijachapwa, zikasomwa mbele ya mjumbe, na kunakiliwa mara mbili. Mwajiri mwaminifu hapotezi kitu kwa kukubali. Nasi kila mmoja atunze karatasi zake za mshahara katika mfuko wa plastiki, juu, si chini ya kitanda. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia majumbani Rumonge na Gatumba, na maji hayachagui kati ya gunia la unga na cheti. Kwa sababu hiyo nakala ya pili ya kiwanda nayo isikae ufukweni. Ipandishwe mlimani, Bururi kwa mfano, kwenye chumba kikavu, na ufunguo mmoja uwe kwa mjumbe.