Israfu ya Moto Jikoni

Ndugu zetu wengi wamekwisha kusikia kwamba dunia yazidi joto kwa sababu ya gesi zitokazo katika kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu. Lakini mtu akiulizwa, "Na wewe nyumbani kwako wafanya nini?" hujibu upesi: "Nimebadilisha balbu." Kisha hudhani kwamba amekwisha kutimiza wajibu wake.

Hatukatai, balbu ni jambo jema. Taa ya zamani ya wati 60 hupoteza umeme wake mwingi kwa joto, na taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama huo huo. Tena jioni ndipo watu wote huwasha pamoja, na mitambo ya mafuta kama ya Kipevu na Rabai ikahitajiwa zaidi. Lakini sehemu kubwa ya umeme wa Kenya yatoka katika mvuke wa ardhini huko Olkaria, na katika maji ya mito na upepo. Kwa nyumba ipikayo kwa makaa, basi, israfu kubwa haiko katika taa. Iko jikoni.

Natuyatazame makaa hayo. Katika tanuri la udongo litumiwalo mashambani, kilo 1 ya makaa huweza kula kilo 6 hata 10 za kuni. Na kuni zikiungua chini ya udongo kwa hewa haba hutoa pia gesi ya methani, ambayo kwa muda wa miaka 100 hushika joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa. Basi gunia lifikapo mlangoni, khasara kubwa imekwisha kutendeka huko Kwale au Tana River, nasi bado hatujawasha kiberiti.

Dawa yake si ngumu. Jiko la bati tupu hupoteza moto ubavuni. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, huweza kupunguza makaa kwa thuluthi au zaidi. Mbaazi na maharagwe yakirowekwa usiku huiva upesi. Na maji yakisha kutokota hayazidi moto hata ukichochea vipi; ziada yote ni mvuke uendao darini. Kwa hivyo maharagwe yaliyotokota barabara kwa nusu saa yaweza kuteremshwa na sufuria yake, yakafungwa katika kikapu chenye matambara mazito, yakamaliza kuiva pasi na kaa hata moja. Mabibi zetu wapaliao wali wajua tangu zamani kwamba makaa machache yaliyowekwa mahali pake hutosha.

Labda mtu atasema: "Kenya hutoa chini ya asilimia 1 ya gesi hizi. Waliochafua ni matajiri. Kwa nini tuhangaishwe sisi?" Neno hilo ni kweli, na haki hiyo yapasa kudaiwa. Lakini moshi wa jikoni mwetu haumwingii tajiri kifuani. Humwingia mke wetu, na mtoto aliye mgongoni mwake.

Twawaona wanaume wagombezao watoto kwa taa iliyoachwa ukumbini, na wakiombwa pesa za jiko bora husema ni ghali, ilhali kila wiki hutoa pesa za makaa bila kuhisabu. Mwenye shaka na ajaribu: wiki moja jiko la zamani, wiki moja jiko jipya, chakula kiwe kile kile, kisha ahisabu mikebe ya makaa. Na hisabu hiyo amwonyeshe mkewe, ambaye yamkini alikuwa akiijua.