Soma Sarafu Kabla ya Kuiuza

Huenda nyumbani kwako kuna sarafu za zamani. Huenda zimo ndani ya mkebe chini ya kitanda. Huenda bibi alizifunga kwenye kitambaa, akazirithisha. Zamani sarafu hizo zilikuwa fedha halali. Leo huwezi kununua nazo hata kibiriti.

Hata hivyo, wako watu wanaozitafuta. Wengine ni wakusanyaji. Hao huzipanga na kuzitunza kwa sababu zinaeleza historia. Wengine ni wafanyabiashara. Hao hununua ili wauze kwa wakusanyaji. Wengine ni masonara. Hao hutaka madini tu, na sarafu wataiyeyusha. Watu hawa watatu hawatoi bei moja. Kwa hiyo mwenye sarafu lazima ajue ana kitu gani mkononi kabla hajaulizwa bei.

Kujua huko kunaanza na kusoma. Wewe sasa unajua kusoma maneno na tarakimu. Sarafu ina maneno machache sana, na yote yana kazi.

SIMBA NI YULE YULE

Tuanze na shilingi ya Afrika Mashariki. Wazee wengi waliitumia. Upande mmoja ina kichwa cha mfalme wa Uingereza. Upande wa pili ina simba amesimama, na nyuma yake kuna milima. Shilingi hizo zilianza kutengenezwa mwaka 1921. Zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar pia.

Chukua shilingi mbili za namna hiyo. Moja imeandikwa 1946. Nyingine imeandikwa 1948. Simba ni yule yule. Milima ni ile ile. Ukubwa ni mmoja. Lakini shilingi za kuanzia 1921 mpaka 1946 zimechanganywa na fedha, yaani yale madini meupe ya thamani. Robo ya uzito wake ni fedha. Shilingi za kuanzia 1948 mpaka 1952 hazina fedha hata kidogo. Ni mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Mtu asiyejua kusoma atauza zote kwa bei moja. Mtu anayejua kusoma ataangalia mwaka, kisha atazitenga mafungu mawili. Tofauti ni tarakimu mbili tu za mwisho.

Sasa tupige hesabu. Shilingi ya simba yenye fedha ina uzito wa karibu gramu 8. Robo ya 8 ni 2. Basi shilingi moja ina fedha ya karibu gramu 2.

Linganisha na rupia ya Mjerumani. Rupia hiyo ina picha ya mfalme wa Ujerumani, Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Ilianza kutengenezwa mwaka 1890. Uzito wake ni gramu 11 na nusu na kitu, na karibu yote ni fedha. Fedha yake ni zaidi ya gramu 10. Kwa hiyo rupia moja ina fedha kuliko shilingi tano za simba. Anayekupa bei ya shilingi kwa rupia anakupunja, hata kama anaongea kwa upole.

MWAKA UNAWEZA KUDANGANYA

Wengi hufikiri kwamba sarafu ikiwa ya zamani sana, bei yake ni kubwa sana. Sivyo. Angalia riale ya Maria Theresa. Hii ni sarafu kubwa na nzito, ina gramu 28. Ina picha ya mwanamke, malkia wa Austria. Ilitembea Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu. Imeandikwa mwaka 1780. Malkia huyo alikufa mwaka huo huo. Lakini wafanyabiashara waliizoea sana sarafu hiyo, wakakataa nyingine. Basi viwanda viliendelea kuitengeneza vikiacha mwaka ule ule wa 1780. Riale uliyo nayo inaweza kuwa imetengenezwa miaka mia moja na hamsini baadaye. Fedha yake ni ya kweli, karibu gramu 23, lakini umri wake usiutangaze.

Habari nyingine ni ya senti 5 na senti 10 zenye tundu katikati na pembe za ndovu. Mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza mwaka 1936 kwa muda usiotimia mwaka mmoja. Huku Afrika Mashariki, senti zenye jina lake zilitengenezwa mwaka huo. Ndiyo maana mara kwa mara utasikia mtu akisema senti ya 1936 ni mali ya kujengea nyumba. Si kweli. Senti hizo zilitengenezwa kwa wingi, na mpaka leo zipo nyingi. Ni nzuri kuwa nayo moja na kusimulia habari zake. Usiuze mbuzi ili uinunue.

Kinachopandisha bei ni mambo matatu yakiwa pamoja: sarafu ziwe chache, wanaozitaka wawe wengi, na hali yake iwe nzuri. Rupia 2 za Mjerumani, kwa mfano, zilitengenezwa mwaka 1893 na 1894 tu. Ni adimu kuliko rupia 1.

SARAFU ZA TABORA

Ziko sarafu ambazo si fedha wala dhahabu, na bado wakusanyaji wanazipenda. Hizo ni sarafu za Tabora.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga pwani. Fedha mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Wajerumani walichapa noti humu nchini, lakini watu walizoea sarafu. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Wakatengeneza heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na heller 5 za shaba ya njano. Ukiangalia heller 20 ya Tabora utaona si laini kama sarafu ya Ulaya. Mstari mmoja umezama, mwingine umefifia. Ina herufi T, yaani Tabora. Sarafu za Wajerumani zilizotoka Berlin zina herufi A. Zilizotoka Hamburg zina herufi J.

(Neno letu “hela” limetokana na hiyo heller. Mjerumani aliondoka, neno likabaki sokoni.)

Karakana hiyo ilitengeneza pia sarafu za dhahabu za rupia 15. Zina picha ya tembo na mlima. Dhahabu ilitoka Sekenke. Zilitengenezwa zipatazo 16,000 tu. Mwezi Septemba mwaka huo huo wa 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi hiyo ikaisha.

Kwa kuwa tembo huyo wa dhahabu anatafutwa sana, wako watu wanaotengeneza wa bandia. Sarafu ya kweli ina uzito wa gramu 7 na kitu kidogo. Akikuletea mtu tembo, mpime kwenye mzani wa sonara. Mkaribishie sumaku pia. Dhahabu na fedha hazivutwi na sumaku. Ikivutwa, rudisha na uage. Isipovutwa, bado hujamaliza, maana shaba nayo haivutwi. Kwa maoni yangu, anayeanza biashara hii asiguse dhahabu kabisa. Hasara yake hailipiki kwa msimu mmoja wa mahindi.

MCHUUZI NA BIBI

Soma mazungumzo haya kwa sauti. Mmoja awe mchuuzi, mwingine awe bibi.

Mchuuzi: Hodi hapa.
Bibi: Karibu.
Mchuuzi: Shikamoo, bibi.
Bibi: Marahaba, mwanangu. Unatoka wapi?
Mchuuzi: Natoka mjini. Nanunua vyuma chakavu, shaba, na hela za zamani.
Bibi: Hela za zamani ninazo. Hizi hapa.
Mchuuzi: Ah, bibi, hizi ni bati tu. Haya, kwa kuwa umeniamkia vizuri, nitakupa bei ya kilo moja ya sukari kwa zote.
Bibi: Kama ni bati, mbona umetoka mjini kwa ajili yake?
Mchuuzi: Naona nikusaidie tu.
Bibi: Ngoja nichukue miwani. Hii ina kofia ya tai. Mwaka 1910. Hapa chini pana herufi J. Hii nyingine ina simba, 1924. Na hii ya simba ni 1950. Hiyo ya 1950 naweza kukuuzia leo. Hizi mbili zitangoja mpaka mwanangu aende kwa sonara akazipime.
Mchuuzi: Bibi, nani amekufundisha?
Bibi: Nimesoma. Si zimeandikwa?

Mchuuzi huyu si lazima awe mwizi. Yeye anatafuta faida, kama muuza samaki. Lakini bei ilikuwa ya mtu mmoja mpaka bibi alipovaa miwani.

USIISUGUE

Sarafu ya zamani huwa na rangi nyeusi au ya kahawia. Wengi huona aibu kuiuza ikiwa hivyo, basi huisugua kwa majivu, mchanga au ndimu mpaka ing'ae. Hapo wameiharibu. Mkusanyaji anataka rangi ile ile ya uzee, na mistari midogo ya nywele na majani ionekane. Ukisugua, mistari hufutika na hairudi. Sonara hatajali, maana yeye anayeyusha. Mkusanyaji atapunguza bei au ataondoka.

Ishike sarafu kwenye ukingo, si usoni. Ifunge kwenye karatasi kavu, kila moja peke yake, ili zisikwaruzane. Iweke mbali na moshi na unyevu.

Sarafu iliyotobolewa kwa ajili ya mkufu nayo hupungua bei. Hapa usichanganye. Tundu la senti 5 na senti 10 liko katikati na lilitoka kiwandani. Tundu la mkufu liko pembeni, na lilipigwa kwa msumari.

KUANZA KIDOGO

Ukitaka kununua na kuuza, usianze na mtaji mkubwa. Anza kwa kujifunza na sarafu zisizo ghali. Sarafu za kwanza za Tanzania zilitoka mwaka 1966, zote zina picha ya Mwalimu Nyerere. Senti 5 ina samaki, senti 20 ina mbuni, senti 50 ina sungura, na shilingi 1 ina Mwenge wa Uhuru. Mwaka 1977 ikaongezwa senti 10 yenye pundamilia. Zikusanye zote. Hazitakutajirisha, lakini jicho lako litazoea kuona sarafu nzuri na sarafu iliyochakaa.

Uwe na daftari. Andika umenunua nini, mwaka gani umeandikwa, umelipa kiasi gani. Tazama hesabu hii. Bei ni za mfano tu.

Umenunua shilingi za simba 6, kila moja 3,000. Jumla ni 18,000. Nauli ya kwenda mjini na kurudi ni 8,000. Chakula ni 1,000. Gharama zote ni 27,000. Umeuza shilingi 4, kila moja 6,000. Umepata 24,000. Umefika nyumbani na pungufu la 3,000 na sarafu mbili mfukoni.

Mtu atasema, “Nimenunua tatu nimeuza sita, nimepata mara mbili.” Daftari linakataa. Nauli ndiyo iliyokula. Bora kungoja siku unayokwenda mjini kuuza mpunga, ukachukua na sarafu. Au mwombe kijana mwenye simu azipige picha pande zote mbili, azipeleke kwa wanunuzi watatu, usikie bei kabla ya kupanda gari. Na biashara ikikua, uliza halmashauri habari za leseni.

Wakija watu wakasema sarafu fulani ina zebaki ndani, au ina nguvu ya ajabu, na wanataka mchango wenu kwanza ili mnunuzi kutoka nje aje, wafungulieni mlango watoke.

ZILE ZISIZOUZWA

Ziko sarafu ambazo si za kuuza. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu, mamia ya miaka kabla ya Wareno kufika. Ni ndogo na nyembamba. Tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 mbali sana, katika kisiwa cha kaskazini ya Australia. Na mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, wachimbaji wa mambo ya kale walipata sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mahali pamoja. Kwa kuwa hazikutawanywa, wataalamu waliweza kusoma majina ya watawala wa pwani wa karne nyingi zilizopita.

Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Zanzibar ina sheria yake. Ukiokota sarafu kama hizo shambani au ufukoni, usichimbe zaidi. Weka alama mahali hapo, kisha upeleke habari kwa serikali ya kijiji ili Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe.

MASWALI

1. Shilingi mbili za simba zimeandikwa 1937 na 1949. Ipi ina fedha?
2. Kwa nini mwaka 1780 hautuambii umri wa riale?
3. Herufi T kwenye sarafu ya mwaka 1916 ina maana gani?
4. Mtu amenunua rupia 3, kila moja 20,000. Nauli ni 10,000. Ameuza zote, kila moja 25,000. Je, amepata faida au hasara? Ni kiasi gani?
5. Leta darasani sarafu moja ya zamani, bila kuisugua. Wasomee wenzako kila neno na kila tarakimu iliyo juu yake.