Somo la Kumi na Mbili: Fundi Aliyerudi Kutoka Vitani

Ndugu mwanadarasa, vijiji vyetu vina wazee waliokwenda vitani wakarudi. Tunapita mbele ya nyumba zao kila siku. Leo tutasoma habari za mmoja wao. Habari hizi ni za mfano, lakini wengi wa Bukoba na Muleba watajiona humu. Tutamwita Fundi.

Fundi ni mtu wa Rubafu, kando ya Ziwa Viktoria. Huunda mitumbwi ya mbao. Baba yake alimfundisha kushika msumeno, randa na patasi. Mwaka 1978 alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Alikuwa pia mgambo wa kijiji.

Mwezi Oktoba mwaka huo, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu. Yaliteka eneo lililo kaskazini ya mto Kagera. Watu waliuawa na mifugo iliporwa. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lilibomolewa. Rais Nyerere alitangaza kwamba Tanzania itapigana. Mgambo wengi waliitwa jeshini. Fundi akaweka randa chini, akaenda.

Kutoka vitani aliandika barua nyumbani. Mkewe hakujua kusoma. Alimpelekea jirani, naye akaisoma kwa sauti mbele ya watu. Maneno ya mume kwa mkewe yakajulikana kijiji kizima. Mama huyo aliona aibu. Kesho yake akajiandikisha katika darasa la kisomo. Barua ya mwisho aliisoma mwenyewe, polepole, mlango umefungwa.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baadaye Fundi alirudi nyumbani, mzima wa mwili. Lakini usiku alikuwa halali. Mlango ukigongwa, alishtuka. Akaanza kunywa lubisi tangu asubuhi.

Siku moja mkewe aliweka msumeno na randa mbele yake. Hakumgombeza. Alisema tu, "Baba watoto, wavuvi wanakuulizia."

Fundi akaanza kuunda mtumbwi. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukikosea kipimo, maji yanaingia. Siku kwa siku mikono ilitulia, na usingizi ukarudi. Pombe akaipunguza, kisha akaiacha. Kwa fedha ya mitumbwi aliwasomesha watoto wake wote, wa kike na wa kiume. Jioni, matoke yakiwa jikoni, aliwafundisha kupima mbao.

Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Fundi humkumbuka rafiki yake. Rafiki huyo amezikwa Kaboya, Muleba, pamoja na askari wengine waliokufa katika vita hivyo. Fundi huwaambia wajukuu, "Yule alikuwa fundi kunishinda mimi. Mitumbwi yake hamkuiona."

Ndugu mwanadarasa, waliokufa tunawaheshimu makaburini. Waliorudi tuwaheshimu wangali hai. Tuwasikilize, na kwa kuwa sasa tunajua kuandika, tuziandike habari zao.

MASWALI
1. Fundi alikuwa na kazi gani kabla ya vita?
2. Kwa nini mkewe alijiunga na kisomo?
3. Ni nini kilimsaidia Fundi kupata usingizi tena?
4. Zungumzeni darasani: Tufanye nini kwa jirani aliyerudi na huzuni moyoni?

ZOEZI
Mtembelee mzee mmoja aliyekwenda vitani. Msikilize. Akikuruhusu, andika sentensi tano juu ya maisha yake, kisha umsomee.