Kupima Faida ya Mafunzo

Tuseme ya kwamba akina mama wa Kondele wamekusanyika siku mbili kufundishwa jinsi ya kusafisha maji ya kunywa, ili watoto wasipatwe na kuhara. Mwalimu akiisha kusema huuliza, "Mmeelewa?" Nao wote hujibu, "Ndiyo!" Jawabu hilo ni la adabu tu, wala si kipimo.

Apimaye hasa huanza kabla ya somo. Huuliza maswali siku ya kwanza na kuandika majibu, kisha huyauliza yale yale siku ya mwisho. Kwani aliyekuja akijua tayari hawezi kuhesabiwa kuwa zao la mafunzo. Tena mtu na apewe mtungi wa maji na dawa ya klorini, atende mwenyewe mbele ya mwalimu.

Lakini kipimo kigumu ni cha nyumbani. Huko Homa Bay, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, wauguzi wa kliniki walipokwisha kuwafundisha akina mama mambo haya, wachunguzi waliwafuata majumbani baada ya majuma mawili, kisha baada ya mwaka. Hawakuridhika kuambiwa, "Natia dawa." Walichota maji yaliyowekwa ndani, wakayapima kama yana klorini. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2006, nazo zilionyesha ya kwamba nyumba nyingi zilikuwa zingali zikitia dawa.

Basi mwenye kugharimia mafunzo na atenge fedha ya safari hiyo ya pili, hata ikimpasa kupunguza chai na mikate ya siku ya kufunga.