Mwangwi Unaopima: Kutoka Ufa wa Chuma hadi Mwili wa Mgonjwa

Katika migodi mikubwa ya dhahabu, kama ile ya Geita na Shinyanga, shafti ya mtambo wa kusagia mawe ikipata ufa ndani yake, jicho haliuoni. Fundi hupaka mafuta juu ya chuma, huitembeza proba, na mashine humwonyesha ufa ulipo na urefu wake. Katika kliniki ya wajawazito, mhudumu hupaka jeli tumboni, huitembeza proba, na mashine humwonyesha mtoto na umri wa mimba kwa wiki na siku. Kazi hizo mbili hutumia kanuni moja. Siku hizi pia, katika kazi zote mbili, kompyuta ndiyo inayozidi kuandika kipimo. Kwa hiyo ni muhimu mhudumu na mgonjwa wafahamu namba hiyo hupatikanaje, na ni lini isiaminiwe peke yake.

Undugu wa chuma na mwili

Undugu huo una historia. Mwaka 1955, Profesa Ian Donald wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alichukua uvimbe uliokwisha kutolewa kwa wagonjwa, akaupeleka katika kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox mjini Renfrew. Kiwanda hicho kilikuwa na mashine ya kutafuta kasoro katika chuma. Profesa aliona kwamba uvimbe wenye maji ulitoa mwangwi tofauti na uvimbe mgumu. Akishirikiana na Dk. John MacVicar na mhandisi Tom Brown, alichapisha matokeo ya kazi yao katika jarida la The Lancet mwaka 1958. Ultrasaundi ya uzazi iliyopo leo inatokana kwa kiasi kikubwa na kazi hiyo.

Namba hupatikanaje

Proba hutuma mawimbi ya sauti yenye masafa makubwa, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Mawimbi yakikutana na mpaka wa vitu viwili tofauti, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima muda wa kwenda na kurudi, huuzidisha kwa kasi ya sauti, kisha hugawanya kwa mbili.

Katika chuma cha pua sauti husafiri takribani mita 5,900 kwa sekunde. Katika nyama laini za mwili, takribani mita 1,540. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 20, kasoro katika chuma iko kina cha milimita 59. Katika mwili, muda huohuo ni milimita 15.4 tu. Mashine iliyowekewa kasi isiyo sahihi itatoa namba safi kabisa, lakini ya uongo.

Ili kupima urefu wa ufa, kompyuta hufuatilia nguvu ya mwangwi proba inapotembea. Mahali ambapo nguvu hiyo hushuka hadi nusu ya kilele chake, upande huu na upande ule, huhesabiwa kuwa ndiyo miisho ya ufa. Njia hii hufaa kwa kasoro kubwa. Kasoro ikiwa ndogo kuliko upana wa mwali wa sauti, mashine hupima mwali badala ya kasoro. Hapo mafundi hulinganisha mwangwi na ule wa tundu la kipenyo kinachojulikana. Katika ujauzito, programu hutafuta kingo angavu za fuvu na za mfupa wa paja, huzipima, kisha hulinganisha vipimo na jedwali la ukuaji.

Jedwali nalo lina mipaka yake. Katika miezi mitatu ya kwanza, umri wa mimba hukosewa kwa siku 5 hadi 7 hivi. Katika miezi mitatu ya mwisho, kosa laweza kufikia wiki 3, kwa kuwa watoto hutofautiana ukubwa. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Mama anayepimwa mara ya kwanza akiwa na miezi minane hapaswi kupangiwa tarehe ya kuzalishwa kwa kutegemea namba ya mashine peke yake.

Pale mwangwi unaposhindwa

Hewa hurudisha karibu mawimbi yote. Kwa sababu hiyo fundi hupaka mafuta na mhudumu hupaka jeli: huondoa hewa iliyo chini ya proba. Kwa sababu hiyohiyo, ultrasaundi huweza kuonyesha maji yaliyojaa kando ya pafu, lakini haioni undani wa pafu lililojaa hewa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wachimbaji wadogo wanaotoboa na kusaga mawe. Vumbi la silika husababisha silikosisi, na mwenye silikosisi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mchimbaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asiridhike na jibu la ultrasaundi kwamba yu salama. Anahitaji kupimwa makohozi na kupigwa eksirei ya kifua.

Eksirei nayo sasa yaweza kusomwa na kompyuta. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu hizo zitumike kuchunguza kifua kikuu kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Programu hutoa alama, na binadamu huchagua kizingiti. Kizingiti kikiwa juu, wagonjwa huachwa. Kikiwa chini, wazima wengi hutiliwa shaka. Isitoshe, makovu ya silikosisi yaweza kufanana na kifua kikuu, hivyo kipimo cha makohozi hakikwepeki.

Mambo ya kukumbuka

Kwa mhudumu: mashine ifanyiwe ugezi, yaani ilinganishwe na kipimo kinachojulikana, kwa ratiba iliyowekwa. Kabla ya kukubali namba, tazama alama za kupimia zimekaa wapi kwenye picha. Badili pembe ya proba, kwa maana mpaka uliolala sambamba na mwali hurudisha mwangwi hafifu, na ufa wa chuma hupotea kwa namna hiyohiyo.

Kwa mgonjwa: anza kliniki mapema, tunza majibu ya kipimo cha kwanza, na mweleze mhudumu kazi unayoifanya. Mashine hupima mwangwi tu. Haijui kwamba umefanya kazi ya kusaga mawe kwa miaka kumi.