Ukitaka Kusomea Uzamili wa Huduma kwa Wagonjwa Mahututi

Kijitabu hiki ni cha muuguzi au daktari ambaye ameshafanya kazi wodini na sasa anafikiria kurudi darasani.

Masomo haya yakitajwa, wengi hufikiria kwanza mashine ya kupumulia. Ni kweli utaisoma. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet, uliofanyika kwenye hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba katika kila wagonjwa wanane waliolazwa, mmoja ni mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao walikuwa wodi za kawaida. Kwa hiyo anayejifunza kazi ya chumba cha mahututi peke yake anajiandaa kwa theluthi moja tu ya wagonjwa wake.

Unachokwenda kusoma

Shahada ya kwanza hufundisha ugonjwa mmoja mmoja. Hapa unakutana na mwili unaoshindwa sehemu kadhaa kwa mpigo: presha imeshuka, figo zimegoma, mapafu yamejaa maji, na dawa inayosaidia kimoja inaumiza kingine.

Chukua dripu. Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa na homa kali huku damu haifiki vizuri mikononi na miguuni alifunguliwa maji ya haraka, na ilionekana ni jambo lisilo na mjadala. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,100. Kilifi na Muheza ni miongoni mwa vituo vyake. Katika saa 48 za kwanza, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walifariki kama 10 au 11. Kwa wasiopewa, walikuwa 7. Jaribio hilo halikuwahusisha watoto wa kuharisha wala wenye utapiamlo mkali, na hapo ndipo wanaosoma juujuu hujikwaa. Mwanafunzi wa uzamili anatakiwa aujue mpaka huo, ili ajue mtoto aliye mbele yake yuko upande gani.

Mashine nayo ina hesabu zake. Mapafu yakiwa yamejeruhiwa vibaya, pumzi moja hupimwa kwa takriban mililita 6 kwa kila kilo, ila kilo hizo hukokotolewa kutokana na urefu na jinsia. Mwanaume wa sentimita 170 huhesabiwa kilo 66 hata mizani ikisoma 110, maana mapafu hayanenepi. Anastahili kama mililita 400. Ukifuata mizani utampa 660, na kumzidishia jeraha.

Wapi, na kwa njia gani

Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, kwa wenye shahada ya kwanza ya uuguzi. Daktari kwa kawaida hupitia kwanza ubingwa wa usingizi na ganzi, tiba ya dharura, magonjwa ya ndani au watoto, kisha huelekea ubingwa bobezi.

Kabla ya kujaza fomu, uliza hospitali ya mafunzo ina vitanda vingapi vya mahututi, na nani atakusimamia saa tisa usiku. Mchana kila chuo kina walimu. Kozi za mtandaoni zinafaa kwa nadharia, ila kuweka mpira wa kupumulia kooni hakujifunzwi kwa video. Hakikisha pia baraza la taaluma yako linaitambua shahada hiyo.

Na mwajiri? Andikianeni mapema kuhusu ruhusa, mshahara na kituo utakachopangiwa ukirudi, kwani wapo wahitimu waliorudi wakapelekwa kliniki ya nje. Ukipewa jina la wodi, ulizia kama ina oksijeni ya uhakika na kifaa cha kuipima kidoleni.