Mpiga Piano Aliyefukuzwa Kuba

Somo letu la leo linatupeleka mbali, mpaka kisiwa cha Kuba. Kisiwa hiki kiko katika Bahari ya Karibi, kusini ya Marekani. Wahispania walikitawala kwa karibu miaka 400. Waliwaleta Waafrika wengi huko kwa nguvu, wakawafanya watumwa katika mashamba ya miwa. Utumwa huo ulikomeshwa mwaka 1886.

Katika mji mkuu wa Kuba, Havana, alizaliwa Ignacio Cervantes, tarehe 31 Julai 1847. Alikuwa mpiga piano na mtunzi wa muziki.

Piano ni nini? Ni kinanda kikubwa, lakini si kama kile cha kanisani kinacholia kwa upepo. Ndani ya piano mna nyaya zilizokazwa sana. Mbele mna vibao, vyeupe na vyeusi. Ukibonyeza kibao, kinyundo kidogo kinapiga waya, waya unalia. Ukibonyeza polepole, sauti ni ndogo. Ukibonyeza kwa nguvu, sauti ni kubwa. Piano za siku hizi zina vibao 88, na mpigaji ana vidole kumi tu! Ndiyo maana kujifunza kunachukua miaka mingi.

Cervantes alianza utotoni. Mwalimu wake mmoja alikuwa Nicolás Ruiz Espadero, naye mtu wa Havana. Halafu mpiga piano mashuhuri wa Marekani, Louis Moreau Gottschalk, ambaye alifika Kuba mara kadhaa, alimtia moyo aende kusoma Ulaya. Basi kijana akapelekwa Paris, Ufaransa, katika chuo cha muziki. Mwaka 1866 akapata tuzo ya kwanza ya piano. Kulikuwa na tuzo nyingine kubwa ya watunzi, iliyoitwa Tuzo ya Roma. Hiyo hakuruhusiwa hata kuishindania, kwa sababu hakuwa Mfaransa. Mwaka 1870 akarudi kwao.

Alikuta nchi iko vitani. Tangu Oktoba 1868 wazalendo wa Kuba walikuwa wanapigana na Wahispania ili wapate uhuru. Carlos Manuel de Céspedes, mwenye shamba aliyeanzisha vita hivyo, aliwaachia huru watumwa wake siku ile ile ya kwanza. Weusi na weupe wakapigana pamoja. Lakini vita vinataka bunduki, risasi, dawa na chakula, na vyote hivyo ni fedha.

Cervantes hakwenda msituni. Yeye alipiga piano. Alishirikiana na José White, mpiga fidla hodari, ambaye mama yake alikuwa na asili ya Kiafrika na baba yake alikuwa Mfaransa. White naye alisoma Paris. Wawili hawa wakafanya maonyesho katika miji ya Kuba. Watu walikata tiketi, wakasikiliza, wakapiga makofi, wakaenda zao nyumbani. Kumbe hela za tiketi zinakwenda kwa wapiganaji!

Mwaka 1875 serikali ikang'amua. Inasimuliwa kwamba gavana aliwaita wote wawili. Akawaambia kuwa anajua fedha zinakokwenda, na kwamba waondoke kabla hajawafunga. Akauliza watakwenda wapi. Cervantes akajibu kuwa watakwenda Marekani, maana ni karibu, na huko wataweza kuendelea na kazi ile ile. Kumjibu gavana hivyo wakati wa vita si jambo dogo. Na kweli, akiwa ugenini Cervantes aliendelea kupiga piano ili kuchangisha fedha.

Mwaka huo wa kufukuzwa ndipo alipotunga wimbo wa piano uitwao "Adiós a Cuba", yaani "Kwaheri Kuba". Hauna maneno hata moja. Ni mfupi sana. Hata maji ya chai hayajachemka, umekwisha. Lakini Wakuba hawakuusahau, na mpaka leo wapiga piano wanaupiga.

Wimbo huo ni wa aina ya danza. Danza ilitokana na ngoma ya Ulaya, watu wakicheza wawili wawili. Ilipofika Kuba ikabadilika. Wanamuziki wengi waliopiga kwenye dansi za Kuba walikuwa watu weusi, nao wakaingiza mapigo ya Kiafrika. Cervantes aliyasikia mapigo hayo tangu mtoto. Katika danza zake, mkono wa kushoto mara nyingi unashika mapigo kama ngoma, na wa kulia unaimba. Alitunga danza kama 40. Alitunga pia muziki mrefu wa bendi kubwa, lakini mimi naona danza hizi fupi ndizo kazi yake bora.

Vita vya kwanza vilikwisha mwaka 1878 bila uhuru. Mwaka uliofuata Cervantes akarudi. Wazalendo walipoanza vita tena mwaka 1895, akaondoka mara ya pili, akachangisha tena kwa piano huko Marekani na Meksiko. Utawala wa Hispania ulikwisha mwaka 1898. Marekani ikakalia kisiwa mpaka Mei 1902, Kuba ilipokuwa jamhuri. Cervantes alifia Havana tarehe 29 Aprili 1905, akiwa na miaka 57.

Maswali ya kujadili: Kwa nini Cervantes alinyimwa nafasi ya kushindania Tuzo ya Roma? Gavana alijua nini juu ya fedha za tiketi? Je, mtu asiyeshika bunduki anaweza kuhesabiwa mpiganaji?